Aliyefungwa na Serikali Mbili Aulizwe Nani?

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia yatakayozipata nyasi hizo pale fahali watakapopatana. Jibu limeonekana katika nchi ndogo ya Eswatini, ambayo hadi mwaka 2018 ilijulikana kwa jina la Swaziland.

Katikati ya mwezi Julai 2025 ndege kutoka Marekani ilitua huko ikiwa na wanaume watano: mmoja wa Vietnam, mmoja wa Jamaika, mmoja wa Kuba, mmoja wa Laos na mmoja wa Yemen. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwenyeji wa Eswatini. Walikuwa wamepata kuhukumiwa Marekani kwa makosa mazito, na mawakili wao walieleza kwamba vifungo vyao walikwisha kuvimaliza. Hata hivyo walitiwa katika gereza la Matsapha, lenye ulinzi mkali, bila ya kushtakiwa kwa kosa lolote jipya. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wakapelekwa wengine kumi.

Chanzo cha mambo hayo ni mapatano ya serikali mbili. Marekani iliahidi kutoa dola milioni 5.1, zikasemwa kuwa ni za kuimarisha shughuli za mipaka na uhamiaji, na Eswatini ikakubali kupokea watu wasiozidi 160. Vyama vya kutetea haki nchini humo vilikwenda mahakamani, vikilalamika kwamba Bunge halikushirikishwa.

Ndugu msomaji, hatubishi kwamba kila nchi inayo haki ya kuamua nani aingie na nani atoke, wala hatusemi kwamba mhalifu asiadhibiwe. Lakini adhabu ina kipimo, na kipimo hicho hutolewa na hakimu. Aliyekwisha kutumikia kifungo chake akafungwa tena ugenini, huyo hakuadhibiwa, ameonewa.

Hebu tumfikirie mama mzazi wa mtu wa namna hiyo. Aende wapi kuuliza habari za mwanawe? Akiuliza Marekani, ataambiwa kwamba mtu huyo hayumo tena mikononi mwao. Akiuliza Eswatini, ataambiwa kwamba aliletwa kwa mapatano. Marekani ilidai kwamba nchi za watu hao zilikataa kuwapokea. Jamaika ikajibu kwamba haikumkataa raia wake, na kweli mwezi Septemba 2025 alirudishwa kwao. Wakili wa huko Eswatini alilazimika kwenda Mahakama Kuu kuomba apewe ruhusa ya kuwaona. Hapo ndipo ulipo ubaya wa mapatano kama haya: serikali mbili zinapomshika mtu mmoja, kila moja hupata mahali pa kumwelekeza muulizaji, na mwisho wake hapatikani wa kujibu.

Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka kwamba jambo hili si geni katika nchi hiyo. Mwezi Februari 1982 Swaziland ilifanya mapatano ya usalama na makaburu wa Afrika Kusini, yakafichwa hadi mwezi Machi 1984. Wapigania uhuru wa ANC walikamatwa na kufukuzwa nchini humo, na watu hawakujua kwa nini. Wakati huo huo sisi huku tulikuwa tumewapa wenzao ardhi kule Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule na kusomesha watoto wao. Watu wa leo si wapigania uhuru, lakini mapatano ya siri juu ya miili ya watu ni yale yale.

Afrika haikosi sheria. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, unakataza mtu kukamatwa na kuwekwa kizuizini ovyo, na unampa haki ya kutetewa na wakili amtakaye. Haukusema kwamba haki hizo ni za raia peke yao, wala za watu wema peke yao.

Jambo hili lina mahali pake katika ukurasa huu wa jamaa, kwani ni familia chache siku hizi zisizokuwa na kijana ughaibuni. Mzazi na amfundishe mwanawe kabla hajaondoka kwamba Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mtu aliyekamatwa ugenini haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe; na jamaa nyumbani wabaki na nakala ya pasipoti yake. Nasi raia, tunaposikia kwamba serikali yoyote ya Afrika imeombwa kupokea watu kwa malipo, tudai kwamba mapatano yasomwe Bungeni kabla ndege haijatua. Mzigo hupokewa kwa stakabadhi. Mtu je, apokewe kwa siri?