Raia Wengi, Wapiga Kura Wachache

Takwimu za jirani zetu wa Kenya zapasa kusomwa kwa makini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 759,164 katika Kaunti ya Nyeri na 867,457 katika Mandera. Lakini daftari la uchaguzi wa 2022 lilikuwa na wapiga kura wapatao 481,000 Nyeri, na 217,000 tu Mandera. Yaani zaidi ya watu sita katika kila kumi kule, na mmoja katika wanne huku. Lamu, pamoja na visiwa vyake, ilipita nusu kidogo.

Ipo sababu isiyo na lawama. Kura ni haki ya aliyetimiza miaka 18, na Mandera ni kaunti ya watoto wengi. Tena hesabu yake ya 2019 ilipingwa mahakamani. Hata hivyo, umri peke yake hautoshi kueleza tofauti kubwa namna hiyo. Hapana kujiandikisha bila kitambulisho au pasipoti, na kwa miaka mingi raia wa kaunti za mpakani walihojiwa na kamati za uhakiki kabla ya kukipata, usumbufu ambao mwenzao wa Nyeri hakuujua. Februari 2025 Rais Ruto aliamuru uhakiki huo ukomeshwe. Tunaunga mkono.

Lakini amri ya Ikulu haivuki bahari peke yake. Kijana wa Kiwayu asiye na nauli ya boti ni raia kamili, na maofisa wanaohusika hawana budi kumfuata aliko kabla ya uchaguzi wa 2027.