Ilani ya Wahudumu wa Afya wa Kivu

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tunanyolewa tangu 1970, mtoto wa miezi tisa alipotambuliwa Basankusu, hapa Kongo, kuwa binadamu wa kwanza kuugua mpox, na waliotutazama hawakutia maji. Ugonjwa ulipofika Ulaya na Marekani mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) likapiga mbiu ya dharura, na New York na London watu wakapanga foleni ya chanjo. Mei 2023 mbiu ikazimwa. Septemba ya mwaka huohuo ukazuka Kamituga, hapa Kivu, kwa wachimba dhahabu na wanawake wa baa. Shehena ya kwanza ya chanjo ilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024. Mwaka mzima!

Sisi ni wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Tunaanzisha harakati hii bila ofisi wala muhuri.

Mlipuko hauanzii Geneva. Unaanza na mama anayedhani mwanawe ana surua, na muuguzi anayekubali kwa kuwa hana kipimo. Sampuli hupakiwa kwenye pikipiki, ikangoja tope likauke. Majibu yakirudi, mchimbaji ameshateremka tena shimoni, maana asipochimba hali. Kumwambia ajitenge majuma mawili bila kumwachia unga nyumbani ni dhihaka. Kuhubiri sabuni kambini, ambako ndoo moja ni ya kunywa na kupikia, ni dhihaka vilevile. (Tumehubiri hivyo sisi wenyewe. Tunaona haya.)

Tunadai maabara iufuate ugonjwa, mhudumu alipwe mshahara badala ya fulana, na anayetengwa alishwe. Tena tunadai chetu. Ebanga, dawa ya Ebola, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo, ni mmoja wa walioivumbua. Mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa na nchi za WHO Mei 2025 unataja kugawana vimelea na manufaa yake. Vimelea vyetu vimesafiri siku zote; manufaa ndiyo yanayokwama njiani.

Kuanzia wiki hii kila mmoja wetu atakuwa na daftari. Jina la mgonjwa halitaandikwa. Itaandikwa siku sampuli ilipoondoka na siku majibu yaliporudi, na kila mwisho wa mwezi tutalisoma sokoni, kwa sauti, mbele ya chifu na wauza mihogo.