Mzazi Naye na Aketi Mkekani

Siku hizi wako wazazi katika miji yetu walioamua kuwafundisha watoto wao nyumbani. Sina ugomvi nao. Lakini nimeingia katika nyumba kadhaa za namna hiyo, na kila mara nimekuta mambo yale yale: ubao ukutani, ratiba iliyoandikwa kwa wino mwekundu, na mzazi amesimama na chaki mkononi kama mwalimu mkuu. Mtoto ameponyoka darasa moja, akanaswa na jingine.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikwisha kulifanya kosa hilo. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilijitia ualimu. Saa mbili hesabu, saa nne Kiingereza. Kufika juma la tatu, kitinda mimba wangu alikuwa akiliona daftari tu, analia.

Bahati nzuri mama yangu alikuwa amekuja Nairobi kututazama, akitokea Malindi, na mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka mjini zikafungwa. Akakwama kwetu hadi Julai. Katika mzigo wake mlikuwa na kicha kikubwa cha miyaa, maana bibi huyu hawezi kukaa mikono mitupu. Akaketi barazani, akaanza kuchana na kusuka ukili. Watoto wakamfuata mmoja mmoja. Nilipowaita warudi kwenye hesabu, mama aliinua macho akaniuliza, "Kwani hapa twafanya nini, mwanangu?" Kweli, chane zilikuwa zikihesabiwa, na aliyekosea moja, ukili ulimwumbua.

Baadaye wakachimba mashimo 32 uani, safu nne za manane, wakacheza bao. Komwe hatukuwa nazo, basi kete 64 zikawa za maharagwe (na mama watoto akanung'unika kidogo). Jioni zilikuwa za vitendawili. Anayeshindwa kutegua, kama ijulikanavyo, hana budi kutoa mji. Kijana wangu wa darasa la tano alitoa Kisumu, akatoa Garissa, akatoa Lamu. Siku ya tatu miji ilikuwa imemwishia, nikamkuta ameinamia ramani ile ile niliyoshindwa kumfunza mwezi mzima.

Basi ndugu zangu mnaofunza nyumbani, msikimbilie dukani. Gari la waya lenye magurudumu ya vizibo, mpira wa matambara na kamba, hadithi ya nyanya inayoandikwa na kuchorwa na wajukuu, yote hayo hayadai fedha nyingi. Yanadai mzazi aketi. Nimewaona wenzangu wakimpa mtoto kazi ya mikono kisha wao wakazama katika simu. Hapo mtoto ametumwa tu, hajashirikishwa. Mtoto hufurahi sana kumwona mkubwa naye anakosea, na mbele ya chaki hatuwapi nafasi hiyo.

Mimi nilipewa ukili nisuke. Mkeka ule mdogo tunao mpaka leo, na kipande changu hakifichiki, kimekwenda upande kama mlevi. Mama alitaka kukifumua kabla ya kushona. Kitinda mimba akaushika mkono wake.

"Nyanya, hapo pa baba paache."