Kibwagizo Kisikatwe

Kila Desemba, mazoezi ya shairi la Krismasi yakianza parokiani, kijijini Mbingu kama kwingineko Bonde la Kilombero, husikika agizo lilelile: kateni kibwagizo, mnarudiarudia, mnachosha watu. Linakera, kwani watoaji wake wanadhani marudio ni uvivu wa mtunzi. Kama shida ni muda, mbona orodha ya michango husomwa jina kwa jina na hakuna anayeikata? Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mmoja mizani 16. Kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa, ni robo ya ubeti, na robo hiyo ndiyo inayobeba shairi.

Tuseme kibwagizo ni hiki: "Mkombozi kazaliwa, amelazwa kwenye hori." Mizani nane kwa nane, na mtunzi kasema "kazaliwa" ili isizidi hata moja. Kikifuata ubeti wa wachungaji, ni habari njema. Kikifuata ubeti wa Herode, maneno yaleyale yanatisha, kwa sababu mtoto wa horini hana mlinzi. Kikifuata ubeti wa Maria na Yosefu kukosa nafasi, ni shutuma. Na katika bonde ambalo wakulima wa mpunga na wafugaji wamegombania ardhi miaka mingi, hori la ng'ombe si pambo la hadithi. Silabi ni zilezile, maana imegeuka mara tatu. Vina vya mishororo mitatu ya juu hubadilika ubeti hadi ubeti, kisha -wa na -ri vinalirudisha sikio mahali linapopajua. Hapo muumini asiye na karatasi mkononi anaitikia pamoja na watoto. Kata kibwagizo, naye anabaki mtazamaji.

Wapo wanaojificha nyuma ya mshairi Kezilahabi, eti diwani yake Kichomi ya mwaka 1974 ilishamaliza habari ya vina na mizani. Lakini kitabu husomwa kimyakimya, na msomaji akipotea hufunua ukurasa wa nyuma. Msikilizaji kanisani hana ukurasa. Wengine wanadai mambo haya ya vina na vibwagizo ni ya pwani, hayaihusu ibada. Mbona mshairi Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkristo, aliitungia Injili utenzi? Na Zaburi ya 136 ina aya 26, zote zinamalizikia kwa maneno yaleyale. Basi muda ukiwa haba, ziondolewe beti mbili nzima. Zinazobaki zighaniwe pamoja na kibwagizo chake, na waumini waachiwe wakiitikie.