Rangi haivui samaki

Jamani, tuambizane ukweli. Vijana wa mjini tumegeuza uvuvi wa mshipi kuwa maonyesho ya mavazi. Tunanunua jigi, vile vyambo vya risasi vilivyopakwa rangi, kwa kuangalia ipi inang'aa zaidi. Tukifika baharini tunawacheka wazee na chubwi zao.

Mwezi uliopita, nje ya Kigamboni, nilishusha jigi ya gramu 60 kwenye kina cha mita 50. Ilikuwa bamvua. Mkondo ukaibeba, chini haikufika. Nahodha akaniuliza: "Mwanangu, unavua au unarusha tiara?" Yeye chubwi alishabadilisha zamani.

Elimu yenyewe ndiyo hiyo: uzito kwanza, kwa kina na mkondo. Maji mafu, nyepesi inatosha, bamvua, ongeza. Nyekundu uliyoilipia hufifia kabla ya mita 20. Na ndoana ifunge juu ya jigi, siyo mkiani, isinase miambani. Kila jigi inayokatikia huko ni risasi tunayoiachia bahari inayowalisha wale wale tunaowacheka.

Mnaobisha, leteni hoja. Bei za jigi zenu hatukuuliza.