MV Liemba: Ikishatengenezwa, nani ataitunza?

Kwa wakazi wa Kasanga, Wampembe, Kipili, Kirando na Kabwe, habari za MV Liemba si hadithi za zamani. Meli hiyo ilisimama kutoa huduma mwaka 2018. Tangu hapo, watu wengi wa mwambao wa Rukwa katika Ziwa Tanganyika wamekuwa wakitegemea maboti ya mbao kusafiri na kusafirisha mizigo.

Mwaka 2023 Kampuni ya Huduma za Meli, ambayo sasa inaitwa TASHICO, ilisaini mkataba wa kuikarabati na kampuni ya Croatia pamoja na mshirika wake wa hapa nchini. Wananchi wanauliza meli itarudi lini, na wana haki ya kuuliza. Lakini historia ya meli yenyewe inaleta swali la pili: mafundi wakishaondoka, nani ataitunza, kwa ratiba gani na kwa fedha zipi?

Grisi iliyookoa injini

Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Iliingia majini Februari 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, walikuta injini bado zinatengenezeka. Mei 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la zamani la upande wa kusini wa ziwa hili.

Kwa hiyo kazi ndogo, iliyofanywa kwa wakati wake, ilizilinda injini chini ya maji kwa miaka kadhaa. Mwenye mashine ya kusaga kule Laela au Matai analijua jambo hili. Oili isipobadilishwa kwa wakati, siku moja atanunua injini nzima.

Kwa nini meli ya chuma inachakaa?

Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, na hiyo ni sababu mojawapo ya Liemba kuishi zaidi ya miaka 100. Hata hivyo, kutu haikosi. Hatari kubwa iko sehemu ya chini, ambayo abiria haioni na nahodha pia haioni.

Ili kuikagua, meli lazima ipandishwe kwenye chelezo, yaani mahali maalumu pa kuitoa majini. Hapo mafundi hukwangua kutu na kupima unene wa mabati kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Bati lililokonda hukatwa na kuwekwa jipya. Kisha hukagua shafti, pangaboi, usukani na valvu za maji, na mwisho hupaka rangi ya kuzuia kutu.

Liemba ina ugumu wake wa ziada. Mabati yake ya asili yaliunganishwa kwa ribiti, kwa sababu enzi hizo kuchomelea meli hakukuwa kawaida. Kila mstari wa ribiti ni mahali ambapo maji yanaweza kupenya, na mafundi wanaoijua kazi hiyo ni wachache siku hizi.

Miaka 30 kati ya ukarabati na ukarabati

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 1993 meli ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa Denmark. Kutoka hapo hadi mkataba wa 2023 ni miaka 30.

Tatizo la vyombo vya umma liko hapa. Ukarabati mkubwa una mkataba, wageni na hotuba. Kubadilisha pampu au kupaka rangi hakuna utepe wa kukata, kwa hiyo fedha zikipungua ndiko zinakopunguzwa kwanza. Madhara hayaonekani mwezi huo wala mwaka huo. Yanaonekana siku meli inaposimama.

Njia ya Liemba pia si rahisi kibiashara. Ina uwezo wa kubeba abiria wapatao 600 na tani 200 za mizigo, lakini imekuwa ikihudumia vijiji vingi visivyo na gati, ambako abiria hupelekwa kwenye meli kwa maboti madogo. Nauli ikipandishwa ili ilipie kila kitu, mwananchi wa kawaida hapandi. Ikiwekwa chini, lazima Serikali ifidie pengo. Pengo lisipofidiwa, meli yenyewe ndiyo inayolipa kwa kuchakaa.

Wavuvi wana ratiba tayari

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawakusanyiki kwenye taa, hivyo maboti hupumzika. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kukagua mbao na mataruma, na kutia kalafati palipoachia. Mwezi wenyewe umewawekea ratiba ya matengenezo.

Meli kubwa haina mwezi wa kuisimamisha. Ratiba yake lazima iandikwe, itengewe fedha, na iheshimiwe hata kama abiria wamejaa bandarini.

Linaihusu vipi Sumbawanga?

Barabara ya lami kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga, pamoja na kupanuliwa kwa bandari ya Kasanga, vimegharimu fedha nyingi. Mahindi na maharage ya Ufipa yanatafuta soko Kongo, Burundi na Zambia. Dagaa na migebuka hupanda kutoka ziwani hadi masoko ya uwandani. Bandari bila meli ya uhakika ni kama ghala lisilo na mlango.

Na kuna suala la uhai. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walifariki. Pale usafiri ulipo mmoja tu, watu hujazana. Hapa kwetu upepo wa kusi wa kati ya Mei na Septemba huleta mawimbi makubwa, na boti la mbao lililojaa halina nafasi ya kukosea.

Maswali ya kuuliza

Kwenye mkutano wa kijiji, au mbunge na diwani wanapopita, msikilizaji anaweza kuuliza mambo matatu. Je, kuna fungu la matengenezo ya Liemba la kila mwaka, tofauti na fedha za ukarabati? Je, meli itapandishwa kwenye chelezo kila baada ya muda gani, na siku hizo usafiri utakuwa upi? Je, kuna vijana wa Kitanzania wanaofundishwa kazi hiyo sasa, mafundi wa nje wakiwa bado wapo?

Wakati tukisubiri, anayepanda boti akague kwanza. Boti liwe limekaguliwa na TASAC, kila abiria awe na jaketi la kuokolea, na maji yanayovuja yasiwe yanatekwa kwa ndoo safari nzima. Ukiona limejaa, shuka. Kusubiri boti lingine kunachosha, lakini utafika.