Masisi na Walikale: Anayejifunza kurekebisha picha ajifunze kwanza kutunza ile ya asili

Katika vijiji vya mpakani mwa mitaa ya Masisi na Walikale, kama vile Mpofi, simu ya mkononi imekuwa studio na posta na, tangu vita ilipozidi, shahidi. Kijana anayechaji simu za watu kwa pano ya jua mara nyingi ndiye anayepiga picha za pasipoti, anayesafisha picha ya marehemu kwa ajili ya matanga na anayepanga mialiko ya ndoa. Wengi wanaofanya kazi hii hawakuingia darasani. Walijifunza kwa kitabu cha wanaoanza kilicholetwa na ndugu kutoka Goma, au kwa kurasa za PDF zinazopita kutoka simu moja hadi nyingine.

Ni ufundi halali, na unalisha jamaa. Lakini vitabu hivyo vina pengo. Vinamfundisha msomaji namna ya kubadilisha picha, kisha vinapita haraka juu ya namna ya kuihifadhi kabla haijabadilishwa. Kwa mtu anayepamba picha za harusi, pengo hilo si kitu. Kwa mtu anayeishi katika eneo la mapigano, linaweza kumnyima jirani yake haki.

Kitabu cha zamani, programu mpya

Tuanze na shida ya kitabu chenyewe. Photoshop, programu inayotajwa zaidi katika vitabu hivi, ilitoka mwaka wa 1990, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll. Kwa miaka mingi iliuzwa mara moja, ukainunua ikawa yako. Toleo la CS6 la mwaka wa 2012 lilikuwa la mwisho kuuzwa hivyo. Kuanzia 2013 kampuni ya Adobe inataka malipo ya kila mwezi au ya mwaka, na mashini ipate intaneti mara kwa mara ili ihakikishe kwamba umelipa. Kwa kijiji ambacho mtandao unakuja na kupotea, hiyo ni kamba shingoni.

Ndiyo maana wengi hubaki na kitabu cha zamani na programu ya zamani, au kitabu cha zamani na programu mpya, jambo ambalo ni gumu zaidi. Kitabu kinasema bonyeza hapa, na hapo pamehama. Kuna njia nyingine: GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Marekani katika miaka ya 1990, ikishawekwa kwenye mashini inafanya kazi bila intaneti. Kwenye simu kuna Snapseed, nayo ni ya bure. Anayeelewa maana ya chombo, badala ya kukariri mahali pa kitufe, atahama kutoka programu moja hadi nyingine bila kupotea. Kukata ukingo, kuongeza mwanga, kupanga matabaka na kutumia tampo ya kurudufu ni mambo yanayopatikana, kwa jina moja au jingine, karibu katika programu zote kubwa.

Hiyo tampo ndiyo ya kuangaliwa sana. Inachukua kipande cha picha na kukipandikiza mahali pengine: ngozi safi juu ya kovu, ukuta safi juu ya doa. Somo hilo limo karibu katika kila kitabu cha wanaoanza. Na ndilo lililotikisa shirika kubwa la habari.

Moshi wa Beirut

Mwezi wa Agosti 2006, wakati wa vita kati ya Israeli na Hezbollah, shirika la Reuters lilitoa picha ya Beirut baada ya shambulio la ndege. Wasomaji waliona kwamba mawingu ya moshi yalikuwa yanajirudia, umbo lilelile mara nyingi, kama chapa ya kitenge. Mpiga picha alikuwa ametumia tampo ili moshi uonekane mzito zaidi. Reuters iliiondoa picha hiyo, ikaacha kufanya kazi naye, na ikafuta picha zake zote 920 kutoka hifadhi yake ya mauzo.

Shambulio lilikuwa la kweli, na moshi ulikuwepo. Lakini kwa kuongeza chumvi kidogo, mtu mmoja alizifanya mamia ya picha zake zitiliwe shaka, hata zile ambazo hakuzigusa. Waliogundua hawakuwa na mitambo ya ajabu. Walikuwa watu wanaojua tampo inafanyaje kazi. Kwa hiyo kijana wa Mpofi anayejifunza kurudufu kipande cha ukuta anajifunza, pengine bila kujua, namna ya kumkamata mwongo.

Picha zilizofika mahakamani

Sisi wa Kivu tuna mfano wetu, na huu ni wa upande wa pili. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi katika Kivu ya Kusini iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliotendwa mwaka wa 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje. Miongoni mwa ushahidi uliopokelewa zilikuwamo picha zilizopigwa kwa eyeWitness, programu ya simu inayosajili mahali na saa picha ilipopigwa, na kuwezesha kuthibitisha kwamba haikuguswa baadaye.

Hizo hazikushinda kwa uzuri wake. Zilikuwa na nguvu kwa sababu iliwezekana kuonyesha zilikotoka, na kwamba hakuna mkono uliopita juu yake.

Jambo hili linagusa Masisi na Walikale moja kwa moja. Oktoba 2024, ofisi ya mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitangaza kwamba inaelekeza tena uchunguzi wake katika Kivu ya Kaskazini, kwa uhalifu unaodaiwa kutendwa tangu Januari 2022. Baada ya hapo Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na Walikale-kati ikatekwa mwezi wa Machi kabla ya waasi kuondoka. Picha za nyumba zilizochomwa na za watu waliouawa zimo katika simu za raia. Siku moja zinaweza kuombwa.

Je, zitakuwa bado zinafaa?

Namna picha inavyoharibika bila nia mbaya

Mara nyingi hazitafaa, na kosa si la mwongo. Kila picha ya simu hubeba ndani yake maelezo yasiyoonekana: tarehe, saa, aina ya simu, na pengine mahali. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa uzito na maelezo hayo yanaondolewa. Ukiiongezea mwanga na kuihifadhi juu ya ile ya kwanza, ya kwanza imekufa. Ukiituma kama dokima, si kama picha, inafika jinsi ilivyo.

Lakini tuseme ukweli wote. Maelezo yaleyale yanayosaidia hakimu yanaweza kumwonyesha mwenye silaha mahali shahidi alipo. Simu inayokamatwa kwenye kizuizi ikiwa na picha hizo ni hatari kwa aliyeibeba. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia raia atunze tu. Anayeweza aiweke ya asili mahali salama nje ya simu, mikononi mwa mtu anayemwamini, na atembee bila hiyo. Uhai wa mtu unatangulia kesi.

Hapa ndipo ufundi wa kurekebisha unapopata kazi ya heshima. Nakala ya kuonyeshwa watu ifichwe nyuso za waathirika, hasa watoto na wanawake waliobakwa. Wanaoanza hukosea hapa pia: hupaka rangi nyepesi juu ya uso wakidhani umefichika, na mtu mwingine akiongeza mwanga uso unarudi. Uso ufunikwe kwa rangi nzito isiyopenya, katika nakala, kamwe si katika ile ya asili.

Ya zamani yenye maneno mapya

Tusidhani kwamba uongo wote unahitaji programu. Ulio rahisi zaidi ni picha ya kweli ya vita nyingine, au ya miaka iliyopita, iliyowekewa maneno mapya: «leo asubuhi», na jina la kijiji chetu. Picha ya namna hiyo inaweza kuhamisha kijiji kizima usiku, au kuwageuza majirani wa kabila moja kuwa washukiwa. Sheria ya kidijitali ya Machi 2023 inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu na vilevile anayeisambaza. Lakini sheria hufika watu wakiwa wamekwisha kimbia.

Kongo inajua thamani ya picha inayoaminika. Mwaka wa 1904, katika misheni ya Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani na kusaidia kuuangusha utawala wa Leopold wa pili. Kama ingeshukiwa kuwa imetengenezwa, watetezi wa mfalme wangekuwa wa kwanza kushangilia.

Kinachohitajika si kikubwa. Shule, parokia na redio za jamii zinazofundisha vijana kompyuta zinaweza kuandika kitabu kidogo kwa Kiswahili chetu, kurasa ishirini zinatosha, kinachoanza na mwanga na kufika kwenye tampo. Ukurasa wa kwanza uwe na agizo moja tu: kabla hujagusa picha, tengeneza nakala, kisha fanya kazi juu ya nakala.